Upande wa Mama

Chausiku alikwenda Keko kununua kabati, akarudi na namba ya simu. Jumamosi hiyo barabara ilijaa vitanda, makochi na vumbi la mbao, naye alivaa dera la zambarau na viatu vyeupe, jambo ambalo mtu mwenye akili timamu halifanyi Keko. Fundi mmoja aliyekuwa akipiga msasa mlango akasimamisha mkono.

"Sista, viatu hivyo vitarudi nyumbani vya kahawia."

"Nimefuata kabati mie, sikufuata habari za viatu."

"Basi ngoja nikufutie stuli ukae."

Fundi huyo aliitwa Ismail, Mmakonde wa Newala, mrefu, fulana imeganda gundi. Kumbe walikuwa wakikaa mtaa mmoja kule Mtoni, yeye amepanga chumba nyuma ya msikiti. Kabati lilichukua wiki tatu badala ya moja, maana kila Chausiku alipopiga simu kuuliza bawaba, mazungumzo yalihamia kwingine. Siku Ismail alipouliza, "Umekula, mpenzi?" bawaba hazikutajwa tena.

Chausiku alilelewa na baba yake mkubwa, Mzee Mwinshehe, mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Alikuwa mtu wa haki na mtu wa maneno mengi. Siku Ismail alipopeleka kabati, alimkuta mzee anasikiliza redio, mataifa makubwa yanabishana juu ya kuta za mipakani.

"Na sie tungejenga ukuta pale mto Ruvuma, mpakani na Msumbiji," mzee akasema. "Kila mtu akae kwao."

"Mzee, kiangazi kuna mahali Ruvuma inavukwa kwa miguu. Shamba liko ng'ambo, shangazi yuko huku. Huo ukuta utampeleka wapi shangazi?"

"Atajijua mwenyewe."

Wakacheka, wakanywa kahawa.

Posa ilipelekwa mwezi uliofuata. Mshenga alikuwa Mzee Twaha, mtu anayenogewa akiona mkeka umejaa watu. Kwa desturi, ukoo wa kijana husifiwa, na Twaha alisifu upande wa baba mpaka mzizini: babu yake Ismail alitoka Mueda, Msumbiji, akavuka Ruvuma kwa mtumbwi, chale usoni, akakata mkonge Lindi, hakumwogopa mtu. Wageni wakaitikia. Mwinshehe akasema mkwe wamempata.

Ismail alikuwa hajapata kitambulisho cha taifa, naye alitaka kusajili karakana yake kabla ya harusi. Akaomba. Fomu ikafika kwa mwenyekiti ili athibitishe asili ya mwombaji. Mwinshehe akavaa miwani na kuandika alichokisikia mkekani: babu mzaliwa wa Mueda, Msumbiji. Akagonga muhuri, akaenda kuswali. Sifa ya posa ikawa ushahidi.

Uhamiaji wakamwita Ismail. Wakampa siku thelathini alete uthibitisho wa uraia, la sivyo atahesabiwa mgeni. Kwenye fomu akaona muhuri wa Mwinshehe.

"Baba yako mkubwa kama hanitaki, angesema," alimwambia Chausiku kwenye simu. "Kuliko kunisukuma ng'ambo ya mto."

"Nisikilize kwanza, mpenzi."

Akakata. Siku tisa hakupokea. Chausiku alilia, akachoka kulia, akakasirika, akaenda Keko. Safari hii alivaa ndala.

"Aliandika alichoambiwa na mshenga wako," akamwambia, bila salamu.

"Zile zilikuwa sifa."

"Najua. Mama yako kazaliwa wapi?"

"Kitangari, hukohuko Newala. Na bibi mzaa mama vilevile."

"Mama ana kitambulisho?"

"Anacho. Na cheti cha darasa la saba anacho."

"Na kule Uhamiaji uliwaambia hayo?"

Ismail akaweka msasa chini. "Waliniuliza babu, nikajibu babu. Nilikuwa na hasira, Chausiku. Na niliogopa. Mie sina pengine pa kwenda."

"Basi mpigie mama."

Bi Somoe, mama yake Ismail, alishuka kwenye basi la Newala siku mbili baadaye, vyeti vyake amevifunga kwenye pindo la kanga. Hakutaka kwenda Uhamiaji kwanza. Alitaka kwa mwenyekiti.

"Nasikia mmemsifu sana baba mkwe wangu na chale zake," akasema baada ya salamu. "Mie hakuna aliyeniuliza. Sisi Wamakonde, mtoto ni wa mama."

Mwinshehe akasoma vyeti, akavisoma tena. Uso ulimshuka. Tangu awe mwenyekiti hakuwahi kuandika uongo, na safari hii alikuwa ameandika nusu ya ukweli.

"Nimekosa, dada yangu," akasema.

Akaandika barua mpya, akaipeleka Uhamiaji yeye mwenyewe, Bi Somoe na Ismail wakifuata nyuma. Afisa akakagua vyeti, akampigia mtendaji wa kata kule Newala, akasema mzazi mmoja raia anatosha. Jioni Ismail akapiga simu.

"Chausiku wangu, bado unanitaka?"

"Nakutaka. Ila ukinizimia simu tena, huo ukuta nitaujenga mie."

Mwinshehe akaagiza mshenga arudi, posa isomwe upya. Mkeka ukajaa. Bi Somoe akakalishwa mbele, Chausiku akatega sikio nyuma ya pazia. Twaha akakohoa, akaanza kunogewa.

"Babu yake kijana huyu alitoka—"

"Ngoja, Twaha," Mwinshehe akamkatiza. "Leo anzia kwa mama yake."