Waya wa Tanurini

"Wafanyakazi wote wanatangaziwa kwamba ni marufuku kuufagia uwanja wa mikutano kwa ufagio wa choo cha wanaume. Uongozi."

Nyuma ya tangazo hilo Pantaleo, fundi wa kiwanda cha chupa bondeni Msimbazi, alikuwa amechora tanuri. Suud aliitandaza karatasi mezani, katika chumba cha nyuma cha duka lake la saa, Mchafukoge.

"Mgonjwa hupimwa homa kwapani," alieleza Pantaleo. "Tanuri limechomekwa waya wa platinamu, ghali kuliko dhahabu. Ukihisi joto limeshuka, mtambo huongeza mafuta wenyewe. Ukichomolewa, mtambo hudhani tanuri limepoa. Kwa hiyo kwanza nifunge koki ya mafuta. Dada yangu Hyasinta yuko zamu pale."

"Ahsante, mwalimu," alisema Shaibu, dereva wao. "Kengele ya mapumziko lini?"

Saa 7:30 mchana. Kiwanda kizima, isipokuwa mtu wa tanuri, kiliitwa mkutano wa tawi la chama. Asiyeitikia jina lake angehesabiwa mhujumu. Hivyo Pantaleo alikwenda kuitikia kwanza, kama mwizi mwenye nidhamu ya chama.

Saa 7:50. Aliitikia, akasingizia tumbo, akatoka. Nje ya ukuta wa nyuma alimkuta Suud tayari ndani ya gari lao la Pijo, waya umeviringishwa katika leso.

"Mbona hukunisubiri?"

"Dada yako aligeuka, nikauchomoa. Ungejikatia kipande, bwana. Nawajua mafundi."

"Koki umefunga?"

"Koki gani?"

Nyuma ya ukuta tanuri lilianza kunguruma.

"Hyasinta yumo mle! Twende tukaifunge!"

"Panda au baki," alisema Shaibu. "Hatukuja msibani."

Pijo liliondoka. Pantaleo aliruka ukuta.

Saa 7:58. Aliifunga koki kwa mikono mitupu. Ngozi ya viganja ilibaki kwenye chuma. Hyasinta alisimama hatua tatu kutoka motoni, pindo la kanga limeungua. Alilitazama tundu tupu la waya, akamtazama kaka yake, akamkamata ukosi.

"Niachie. Nimerudi kwa ajili yako."

"Na waya? Zamu ni yangu, kaka. Wakikukosa wewe, nitafungwa mimi." Akapaza sauti: "Mgambo! Mwizi!"

Pantaleo alipewa miaka saba. Suud na Shaibu hawakuonekana tena. Kamati ya kiwanda ilikutana kwa saa tano, ikaamua kwa kauli moja kwamba kipimo cha tanuri kifungwe kwa kufuli, ufunguo ukae kwa mwenyekiti, na mshale wa kipimo, uliolala kwenye sifuri kwa kukosa waya, uendelee kusomwa na kuandikwa kila saa. Hyasinta aliteuliwa kuusoma.