Ng'ombe wa Mzee Hirbo

Stendi ya Garsen ilikuwa imefurika. Basi la Lamu lilipiga honi, wauza mahindi wakagombania madirisha, na katikati ya vumbi Kadii alisimama na dera lake la manjano, akiwanyooshea kidole ng'ombe waliokuwa wakivuka barabara, midomo ikimcheza.

"Wee dada! Shusha hicho kidole!"

Aliyefoka alikuwa Dukicha, kijana wa Kiorma mwenye kikoi cha buluu na miwani ya jua iliyomkaa vizuri kupita kiasi.

"Kwani kidole changu kimekuuma?"

"Unahesabu ng'ombe za baba. Kwetu ni mkosi. Ukizimaliza kuhesabu, nazo zinamalizika."

"Basi nihesabu nini?"

"Nihesabu mimi. Niko mmoja tu."

Kadii akacheka, na kabla ya adhuhuri kijana alikuwa na namba yake ya simu.

Kadii alikuwa karani wa tume ya kufunga hesabu za vita. Vita vilipiganwa ng'ambo ya mpaka, serikali yetu na serikali rafiki bega kwa bega, na sasa marafiki hao walikuwa mezani wakidaiana. Wao walitudai mafuta ya ndege. Sisi tuliwadai chakula cha askari wao waliopiga kambi huku, na chakula chenyewe kilikuwa ng'ombe wa Mzee Hirbo, baba yake Dukicha, waliochukuliwa kwa ahadi tu.

"Zikilipwa nakuoa," Dukicha alimwambia kwenye simu. "Baba ameshakubali. Nusu ya pesa ni mahari yako."

"Nusu tu? Mimi ni wa nusu?"

"Usinichokoze, mpenzi, salio linaisha."

Lakini mzee alipoulizwa na tume idadi ya ng'ombe wake, alijibu, "Kidogo tu. Mungu nashukuru." Akaulizwa tena, akajibu vilevile. Wakubwa wakamwambia Kadii aitafute idadi popote ilipo.

"Laazizi, nitajie wewe," Kadii alimbembeleza Dukicha jioni.

"Mwiko huo unaujua."

"Nitaandika tu. Hakuna atakayesikia. Au hutaki tuoane?"

Dukicha akamtajia, kwa sauti ya mtu anayeiba.

Hapa ndipo ninapomchukia msichana huyu! Siku hiyohiyo alikuwa amewasikia wakubwa wake wakipanga kwamba serikali zitafutiana madeni, ng'ombe kwa mafuta, na mfugaji hatapata hata shilingi. Alinyamaza. Aliogopa kibarua chake kuota nyasi, akajidanganya kwamba huenda wakabadili nia.

Tume ikaitisha baraza ili madai yasomwe hadharani. Kadii akapewa kipaza sauti, akaona macho ya mkubwa wake, akasoma. "Hirbo Dida. Ng'ombe mia tatu na kumi."

Mzee Hirbo akainuka, akamgeukia mwanawe mbele ya watu wote.

"Wewe ndio natoa ng'ombe yangu mdomoni?"

"Baba, nilitaka tulipwe..."

"Mimi hapana mtoto hapa."

Akawaswaga ng'ombe waliobaki kuelekea Ndera, akakataza mtu yeyote asimwonyeshe Dukicha alikohamia.

Kisha redio ikatangaza kwamba serikali mbili zimefunga hesabu kidugu na hakuna anayemdai mwenzake. Simu ya Kadii ikalia.

"Ulijua?" Dukicha aliuliza.

Angeweza kudanganya. "Nilijua."

Simu ikakatwa. Kadii akamtafuta mji mzima, akamkuta hotelini, macho mekundu, chai imepoa.

"Nimeacha kazi," alisema. "Nitasilimu. Twende Ndera tumtafute baba, nimpigie magoti. Mahari sitaki. Nakupenda, Dukicha, nisamehe."

"Nami nakupenda." Alisema kweli. "Keti."

Kadii akaketi, tumaini limemjaa kifuani.

"Wewe unanidai nini?"

"Mapenzi tu. Uliniahidi ndoa."

"Mimi nakudai baba." Dukicha akasimama, akaweka pesa ya chai mezani. "Basi tufutiane kama wakubwa zako. Kuanzia leo hatudaiani."

"Mimi si serikali, Dukicha!"

"Nao ni watu, Kadii."

Akatoka. Kadii aliita jina lake, akaita tena, mpaka mwenye hoteli akamwomba apunguze sauti, wateja walikuwa wanasikiliza habari.