Waliobebwa Hawakuhesabiwa

Likizo ile ya mwaka 1954, kila Jumatano asubuhi Teodosia, msichana wa shule, aliketi mlangoni mwa banda lililoezekwa nyasi pale Ruponda, akina mama walipojifunza kusoma. Kila mama aliyeingia, Teodosia alimtilia punje moja ya mahindi koponi. Mwalimu Augustino alikwisha kulipima banda kwa miguu: urefu hatua kumi, upana hatua nane, ndiyo miraba themanini. Kila mtu alimpa miraba miwili. Basi, mwisho watu arobaini, maana mlango ulikuwa mmoja tu, na moto ungetokea, mlango huo usingewatosha zaidi ya hao.

"Na mimi mnene hivi, mjukuu wangu, utanitilia punje mbili?" Bi Mwamina alimtania, wote wakacheka.

Watoto wa mgongoni Teodosia hakuwatilia punje. Nyumbani kwao, hata watu wa kula ugali walipohesabiwa, mtoto aliyebebwa alikuwa ndani ya hesabu ya mama yake. Jumatano moja punje zilitimia arobaini, lakini watoto waliposhushwa mikekani, hapakuwa na pa kukanyaga.

Mara cheche kutoka jiko la uji la jirani ikarukia paa. Nyasi kavu zilishika moto papo hapo. Akina mama walisongamana mlangoni, wakijikwaa kwa watoto. Teodosia alivuta kila mkono alioufikia, huku akimwita mama yake, Magreti, aliyekuwa ndani na mwanawe mchanga, Severini.

Mama alitolewa wa mwisho, amezimia kwa moshi. Mwalimu alikuwa akihesabu akina mama waliotoka.

"Arobaini, wametimia," aliwaambia wanaume waliofika na majembe. "Rudini nyuma, paa linaanguka."

Teodosia alipapasa mgongo wa mama yake. Kanga ilikuwa tupu. Akisema, watu wote watajua kwamba hesabu ameiharibu yeye. Alimkimbilia Mwalimu.

"Mwalimu, hesabu si ya kweli," alisema. "Watoto sikuwahesabu. Severini yumo ndani."

Mzee Isihaka, mmoja wa wale wanaume wenye majembe, hakungoja. Alizunguka nyuma, akaupiga jembe ukuta wa fito na udongo mpaka ukatoboka, akaingia kwa tumbo. Paa likaporomoka upande wa mlango. Teodosia alitaka kusali, lakini maneno yote yalimpotea, likabaki jina la Mungu peke yake.

Miguu ya mzee ikatokea tunduni, kisha mikono, imemshika mtoto. Severini hakulia. Mzee alimlaza ubavu, akampangusa masizi puani, akamgongagonga mgongo. Mtoto akakohoa, ndipo akalia.

Mama alipozinduka na kumpakata mwanawe, Teodosia aliomba radhi mbele ya wote. Mwalimu alimwambia kwamba kosa la kwanza lilikuwa lake yeye, kwa kuwa alipima sakafu asimweleze nani wa kuhesabiwa.

"Kwenye moshi kila mwenye pua anataka pumzi, na kila mwenye mwili anataka njia," alisema. "Anayebebwa ahesabiwe sawa na anayetembea. Na ukijua umekosea, sema hapo hapo, kama ulivyosema. Ungenyamaza kwa aibu, mwanangu, saa hizi tungekuwa tunachimba kaburi."