Kanuni ya Mstari Mmoja

Foleni ya unga mbele ya duka la ushirika la Lindi ilikuwa imepinda hadi barabarani siku Fakihi, na suruali yake ya bugaluu iliyofagia vumbi, alipomkanyaga Mwahija kidole. Mwahija, aliyejitanda kanga ya manjano, alimtazama suruali, kisha uso, akamuuliza kama huko Dar es Salaam watu hutembea bila kuiona miguu yao. Kabla hawajafika dirishani, Fakihi alikuwa amenasa.

Alikuwa likizoni. Kazi yake ilikuwa kuiandikia kompyuta ya ofisi moja mjini Dar programu ya kugawa unga vijijini, naye aliionea fahari. Barazani kwa shangazi yake alimchorea Mwahija jinsi alivyoikunja kanuni ya hatua saba ikawa mstari mmoja. Mwahija, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, aliiwekea kidole herufi moja ya mstari ule.

"Mwenzio atajuaje hii K ni nini?"

"Ikishakuwa nzuri hivi, haihitaji maneno."

"Andika pembeni, hata maneno mawili, bwana fundi."

"Nitakuandikia wewe, mama watoto. Mashine haiulizi."

Posa ilikwishapelekwa. Mzee Likwata, baba yake Mwahija, alitaka tu kumwona kijana kwa macho yake, Ijumaa baada ya sala. Alhamisi ikaja telegramu kutoka ofisini: programu inatoa mgawo usioeleweka, unga wa vijiji umekwama ghalani, na ofisi nzima hakuna awezaye kuisoma. Basi la Dar lilikuwa linaondoka, na mvua zilishaanza. Fakihi alimwachia shangazi ujumbe wa haraka, kwamba ameitwa kazini, akaliparamia.

Dar alikaa mbele ya mstari wake mwenyewe, asiuelewe. Alikuwa amesahau K aliitoa wapi na kwa nini aliigawa. Aliufumua hatua kwa hatua, macho mekundu, huku akijua watu wana njaa. Unga ulipoanza kutoka, Mto Rufiji ulikuwa umefurika na barabara ya kurudi Lindi imefungwa. Akapiga simu Posta ya Lindi, akaomba Mwahija aitwe.

"Baba alikungoja msikitini mpaka akabaki peke yake," Mwahija alisema. "Akamuuliza shangazi yako, kazi gani, atarudi lini. Maskini alirudia tu kwamba umeitwa kazini."

"Nilidhani mtaelewa."

"Mimi nilielewa. Baba alisema umeghairi na huna adabu ya kusema. Sasa watu wa kijiji cha Mtama wameleta posa, ya kijana wao Abdulatifu."

"Wewe umesemaje?"

"Waliniuliza mbele ya wazee. Nilitaka kusema nina mtu, lakini mtu mwenyewe yuko wapi? Nikanyamaza. Na unajua kwetu mwali akinyamaza wanahesabu ameridhia."

"Bado hamjafunga ndoa. Rudi uwaambie hapana. Mwahija, niambie utawaambia."

"Ungemwandikia Baba hata maneno mawili, bwana fundi." Fakihi alimwita jina, akalirudia, mpaka opereta alipoingia kusema muda umekwisha.