Matobolwa kwa Maandazi

Kila asubuhi kabla ya shule nilichota maji, nikafagia uwanja, kisha nikaketi na mdogo wangu Abel kunywa chai. Mwaka huo chai yetu haikuwa na maandazi. Ilikuwa na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani mpaka vikakauka. Bibi yetu wa Tinde alitupatia gunia zima mwezi wa saba, na Mama akaliweka chumbani nyuma ya mlango.

Wazazi wangu walikuwa na mpango wao. Baba alifanya kazi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, hapahapa Segese. Mama aliuza nyanya sokoni. Kila Jumapili baada ya ibada walitandika mkeka, kila mmoja akaweka alichopata, wakapanga matumizi pamoja. Nyumba tuliyokuwa tukijenga ilikuwa ya tofali mbichi, kuta zimesimama bila paa, na mvua za mwezi wa kumi na moja hazina huruma na tofali mbichi. Ili wapate bati mapema, Baba aliacha soda yake ya mchana. Mama aliahirisha kitenge cha sare ya kwaya. Sisi watoto tukaachishwa maandazi. Gunia lile lilipaswa kutufikisha mwezi wa kumi na mbili.

Wao walifurahia kubana matumizi kama watu wanaocheza bao. Mimi sikufurahi hata kidogo.

Siku moja wakati wa mapumziko, Ritha, niliyeketi naye dawati moja, aliniona nikitafuna.

"Asteria, kwenu kuna njaa?" aliuliza kwa sauti. "Hicho si chakula cha vijijini?"

Darasa zima likacheka. Nami, mjinga wa mwaka, nikacheka pamoja nao.

Jioni, Mama Masele aliyeuza maandazi karibu na shule aliona mfuko wangu. "Mayu," aliniita kwa Kisukuma, yaani mama, "matobolwa hayo umeyatoa wapi? Wateja wangu wachimbaji wanayatafuta kama dawa! Niletee bakuli moja, nikupe maandazi mawili."

Kesho yake nilimpelekea. Nilijiambia kwamba siibi, nabadilisha tu chakula kwa chakula. Nikaendelea hivyo kila siku ya shule. Baadaye nikawa napeleka mabakuli mawili, kwa sababu Ritha naye alizoea kupewa andazi, na mimi nilipenda kuitwa rafiki yake.

Jumapili moja ya mwezi wa kumi, Mama aliingiza mkono kwenye gunia akagusa chini. Alitoka nje, akasimama mbele ya mkeka.

"Baba Asteria, gunia limekwisha."

"Limekwishaje? Au umempelekea dada yako kule Bugarama?"

"Dada yangu ana shamba lake. Wewe ndiye mwenye wenzako wa karashani wasioshiba."

"Unaniita mwizi nyumbani kwangu?"

"Umeanza wewe, mume wangu."

Nilikuwa mlangoni, nimeshika sufuria. Nilijua jibu, lakini nikajifanya naisugua. Baba aliokota fedha zake kwenye mkeka. "Basi. Kuanzia leo kila mtu ashike chake."

Mkeka haukutandikwa Jumapili iliyofuata, wala ile ya pili. Baba alirudia soda yake. Mama alinunua kitenge kwa hasira, na hata hakukivaa. Waliongea kupitia kwa Abel: "Mwambie baba yako chumvi imekwisha." Bati hakulitaja mtu. Mimi niliacha kwenda kwa Mama Masele, lakini hilo halikunisaidia kitu. Kila Mama alipovuta pumzi kwa uchungu, nilijua ni mimi niliyemtia uchungu huo, na niliona aibu hata kumtazama.

Ijumaa ikanyesha manyunyu, mvua ya kuonja tu. Tulipofika kwenye nyumba tuliyokuwa tukijenga, tofali za juu za pembe moja zilikuwa zimelainika, udongo ukitiririka ukutani. Baba alisimama upande mmoja akitazama. Mama alisimama upande mwingine.

"Ni mimi," nilisema. "Matobolwa niliyachukua mimi. Nilibadilisha kwa maandazi, kila siku."

Nilieleza yote huku nikilia. Nilingoja fimbo, na kweli ningeona afadhali. Lakini Baba hakunigusa. Alivua kofia yake, akamgeukia Mama.

"Mama Asteria, nisamehe. Nilikusingizia."

"Nami nilikusingizia," Mama akajibu. Sikuwahi kumsikia baba yangu akimwomba Mama msamaha, na niliona aibu kwamba mimi ndiye niliyemfikisha hapo.

Jumamosi nilikwenda na Mama kwa Mama Masele kumwambia ukweli. Naye alishtuka, akasema alidhani nimetumwa. Tangu siku hiyo sisi watoto tulikunywa chai kavu, na Baba akaacha tena soda. Fedha za wote wawili hazikutosha nyumba nzima, basi wakakubaliana kuezeka vyumba viwili kwanza na kufunika kuta zilizobaki kwa turubai. Fundi alishuka kutoka juu ya paa Jumanne ya wiki ya tatu, kazi imekwisha. Alhamisi mvua kubwa ikapiga usiku kucha, na kuta hazikuanguka.

Asubuhi yake nilimkuta Mama kwenye nyumba mpya, akikinga maji ya bati kwa ndoo. Nilimuuliza kama bado amekasirika.

"Matobolwa nimekwisha kuyasahau," alisema. "Viazi vitalimwa tena. Kinachoniuma ni kwamba ulitusikia tukiitana wezi, ukanyamaza zaidi ya wiki mbili."

Niliinama, nikasogeza ndoo tupu ya pili karibu naye.

"Sikiliza, Asteria. Mimi na baba yako hatuna fedha nyingi. Kidogo tulicho nacho kinatosha kwa sababu kila mmoja anajua mwenzake hafichi. Siku tulipoacha kuaminiana, mapato yetu yalikuwa yaleyale, lakini hayakutosha kitu. Mtu akificha jambo dogo nyumbani, wengine wote hulilipia. Ukikosea tena, na utakosea, niambie siku hiyohiyo."

"Nitakuambia, Mama."

"Haya, nishikie ndoo hii, imejaa."

Nikaishika kwa mikono yote miwili.