Kwaya ya Mtu Mmoja

Chepkirui aliimba mara sita, lakini tepu ilipozunguka, sauti zilikuwa saba.

Mumewe Johnstone, fundi wa redio pale mtaa wa Huruma, alihesabu tena kwa vidole. Mtambo alikuwa ameubuni mwenyewe: mashine mbili kuukuu za tepu, utepe mmoja uliofungwa ncha kwa ncha ukizipitia zote, moja ikinasa, nyingine ikirudisha, wimbo ukijirundika mpaka mkewe awe kwaya nzima bila waimbaji wengine wa kupikiwa chai. Hiyo ya saba ilikuwa nzito, na chumba kilinuka nywele zilizoungua.

"Hiyo si yangu," Chepkirui alinong'ona. "Zima tu, Johnstone."

"Ngoja kidogo, nisikie."

Hapo ndipo alipokosea, na hajajisamehe. Kila utepe ulipozunguka, sauti ya mkewe ilipungua kooni. Kufikia Jumapili, mwanamke aliyesikika hadi barabara ya pili akimwita mama mboga hakuweza hata kukohoa. Daktari alimulika koo, akasema halina neno. Lakini nyumbani, hata stima ikipotea, mashine zilizunguka zenyewe, na humo ndani Chepkirui aliita kwa sauti yake kabisa, ile nzito ikicheka polepole nyuma yake: "Johnstone, niko huku. Nitoe."

Chepkirui aliandika kwenye daftari: Ni mimi kweli. Usiikate hiyo tepu.

Kila Johnstone alipougusa utepe, vidole vilikufa ganzi. Ujuzi ukamwishia, akamwita Pastor Nderitu. Jumamosi iliyofuata, mchana, timu ya maombi ilifika na spika kubwa kama kabati, na kabla hajageuka walikuwa wameipandisha mezani penye mashine, mgongo wake ukigusa utepe.

Johnstone aliruka kuiondoa. Nyuma ya spika kuna sumaku, na sumaku hufuta tepu. Amewaambia wateja hivyo miaka ishirini.

"Pastor, toeni hiyo spika! Itamfuta bibi yangu!"

"Mshikeni!" Pastor alisema. "Pepo ameanza kupigana."

Wanaume wanne walimkandamiza sakafuni, na kadiri alivyozidi kupiga kelele ndivyo walivyozidi kumwombea yeye, spika ikinguruma hadi sufuria zikagongana, na katikati ya ngurumo ile alisikia sauti nzito ikinyamaza, kisha za mkewe zikizimika moja baada ya nyingine, hadi ikabaki moja tu inayomwita kwa jina kama mtu aliye ng'ambo ya mto, ikafifia, ikafifia, pakabaki mchakacho wa utepe mtupu.

"Ametoka!" Pastor alisema, jasho likimchuruzika. "Haleluya!"

Chumba kililipuka kwa vigelegele. Chepkirui alisimama kando ya mashine, mikono juu, mdomo wazi, mishipa ya shingo imemtoka, machozi yakimtiririka. Akina mama walimkumbatia.

"Shukuru Mungu, mama! Shukuru!"

Johnstone peke yake, shavu lake likiwa bado sakafuni, alijua kwamba mkewe alikuwa anapiga mayowe.