Bukta ya Mgeni

Kila asubuhi, kabla hata hajanawa uso sawasawa, Sindano alikuwa ameshakabidhiwa kopo la vifungo. Humo mlikuwa na vifungo vyeupe vya mashati, vyeusi vya suruali, na vile vidogo vya gauni za watoto, ambavyo ukikohoa tu vinakimbilia chini ya kabati. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa mahali pake pa kazi. Majuma ya mwisho kabla ya sikukuu chumba hicho hakikuwa na pa kukanyaga. Vitambaa vilijaa kwenye viti na mezani, na nguo zilizokwisha zilining'inia kwenye kamba zikisubiri wenyewe. Hata birika la chai lilikuwa limehamia dirishani.

Jina lake halisi liliandikwa kwenye madaftari ya shule, lakini nyumbani na mtaani wote walimwita Sindano, kwa kuwa alikuwa mwembamba na alipenya popote. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Alijua kupinda pindo, kutengeneza tundu la kifungo, na kupitisha lastiki kiunoni mwa bukta kwa pini bila pini hiyo kupotelea ndani. Mama aliisifu mikono ya binti yake mbele ya wateja. Ungemwuliza Sindano mwenyewe, angekuambia kwamba cha kusifiwa kwake ni miguu.

Na hakuwa anajipa sifa za bure. Mwaka uliopita alishika nafasi ya pili katika mbio za mita mia nane, nyuma ya msichana wa darasa la mwisho ambaye sasa alikuwa amemaliza shule. Siku ya kufunga shule, mwalimu wa michezo alitangaza kwamba mchujo utafanyika Jumamosi ya nne ya likizo. "Nitachukua msichana mmoja tu wa kutuwakilisha," alisema. "Watakaolala likizo nzima, shauri yao." Sindano alitoka pale akitembea kwa madaha, akijiona ameshachaguliwa.

Kisha akaja Mgeni.

Mgeni alikuwa mtoto wa mama mdogo, umri mmoja na Sindano. Mama mdogo alikuwa amekwenda masomoni kwa mwaka mzima, hivyo binti yake angeishi nao na kusoma shule ile ile. Siku aliyofika alitaka kushika ufagio, mama akamnyang'anya. "Wacha, wacha! Mgeni apumzike." Zikapita wiki tatu, mgeni bado anapumzika, na jina likamganda hilo hilo.

Kupumzika kwenyewe kulikuwa kukimbia. Kila kulipopambazuka, Mgeni alivaa raba na kwenda uwanja wa shule, ambako mwalimu wa michezo alikuwa amemruhusu kufanya mazoezi na wenzake. Alirudi jua limeshatoka, uso unang'aa kwa jasho.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Pole na mazoezi."

Pole! Sindano alikuwa amejichoma kidole mara mbili asubuhi ile na hakuna aliyempa pole. Aliinamia kifungo chake, akavuta uzi kwa nguvu mpaka ukakatika.

"Dada, leo nimezunguka uwanja mara sita," Mgeni alimwambia, akiketi sakafuni karibu naye.

"Hongera," alijibu Sindano kwa mdomo tu.

"Jioni twende wote basi."

"Na mapindo haya atayapinda nani?"

"Nifundishe, nikusaidie."

"Mgeni apumzike," Sindano alisema, akiigiza sauti ya mama yake. Mgeni alicheka kidogo, lakini hakuona cha kuchekesha, akaondoka kwenda kuoga.

Ukweli ni kwamba Sindano angeweza kumwomba mama nafasi. Mara kadhaa alifungua kinywa. Ila kila alipomtazama, mama alikuwa amevimba miguu kwa kukanyaga cherehani, mdomoni ameshika pini, na mlangoni kuna mteja anayesema "Fundi, yangu tayari?" Maneno yakarudi tumboni. Siku moja alitoroka kuruka kamba nyuma ya nyumba, akaruka mara nane tu, akasikia, "Sindano! Njoo upige pasi hii!" Basi akawa anajikaza kisabuni mchana kutwa, na roho inamuuma. Lakini mtu aliyemkasirikia hakuwa mama, wala hazikuwa sikukuu. Alimkasirikia Mgeni. Aliona donge kwa raba zake, kwa jasho lake, hata kwa jinsi alivyokunywa maji glasi mbili mfululizo.

Alhamisi kabla ya mchujo, mama alipata masalio ya kitambaa cha buluu. Akakata bukta mbili zinazofanana, akazishona upesi upesi, na moja akaiandika herufi ya Mgeni kwa chaki.

"Nataka mkimbie mmependeza," alisema. "Zitie lastiki, Sindano. Halafu nikuambie, nimekutana na mwalimu wenu dukani. Anasema huyu Mgeni ana mguu mwepesi, hajapata kuona! Amemsifu mpaka nikaona haya."

Alisema hivyo kwa furaha tu, akaenda kumpima mteja. Sindano alibaki ameshika bukta mbili. Mwalimu hakumtaja yeye hata kidogo. Wivu ulimpanda mpaka masikio yakapata moto.

Pembeni palikuwa na boksi la vipande vilivyotolewa kwenye nguo kuukuu. Mle mama aliweka lastiki zilizochoka, zile ambazo ukizivuta hazirudi, akizitumia kufungia mafurushi ya vitambaa tu. Sindano alichomoa moja. Akaifunga kwenye pini, akaipitisha kiunoni mwa bukta yenye herufi ya chaki, akashona mdomo wa mshono vizuri kabisa. Kwa nje huwezi kujua. Bukta yake mwenyewe akaitia lastiki mpya.

Jumamosi uwanja ulijaa wanafunzi na baadhi ya wazazi. Mama hakuweza kuja, kazi zilikuwa zimemfika shingoni. Lakini mmoja wa wateja wake alikuwapo, bibi aliyeitwa Mama Tisa kwa sababu ya wajukuu wake tisa, ambao wote alikuwa amewaagizia nguo za kitambaa kimoja. Mjukuu wake mkubwa alikuwa miongoni mwa wakimbiaji.

Filimbi ilipolia, Mgeni alitoka mbele, na mzunguko wa kwanza wote Sindano aliona mgongo wake tu. Pumzi zilikuwa zimeanza kumwishia. Wiki tatu za kukaa na vifungo hazikufichika. Mzunguko wa pili, kwenye kona, Mgeni aliishika bukta yake kiunoni. Akaiachia, ikateremka. Akaishika tena kwa mkono mmoja, akawa anakimbia kiupandeupande huku watoto wanaangua vicheko. Sindano akampita, akafika wa kwanza.

Furaha yake haikudumu hata kumaliza kikombe cha maji. Mwalimu alikuwa anaandika jina lake, na Mgeni, aliyefika wa tatu, alikuwa anaikaza bukta kwa fundo ubavuni.

"Hongera, dada," Mgeni alisema, macho yamelowa. "Nadhani nimekonda."

Mama Tisa akasogea. "Hebu mwanangu, hiyo nguo nani kakushonea?"

"Mama mkubwa, fundi," alijibu Mgeni.

Mama Tisa aliitazama bukta ile kiunoni. Aligeuka akaondoka, na mwendo wake ulikuwa wa mtu mwenye safari.

Wasichana walipofika nyumbani walimkuta ameshafika. Nguo tisa zilikuwa zimetandazwa mezani, naye anavuta kiuno cha moja baada ya nyingine. Wateja wengine wawili waliokuwa wanangoja nao walianza kukagua vifurushi vyao.

"Mimi si mtu wa maneno mengi, fundi," Mama Tisa alikuwa anasema, na kweli alikuwa ameyasema mengi. "Bukta ya mtoto wako wa nyumbani inamvuka mbele za watu. Wajukuu wangu zikiwavuka hizi siku ya sikukuu, uso nitauweka wapi? Nirudishie kitambaa, nimtafute fundi mwingine."

"Miaka kumi na tano nashona, mama," mama alisema kwa sauti ndogo. "Sijawahi kurudishiwa nguo."

Alimwita Mgeni, akaingiza ncha ya mkasi kwenye mshono wa bukta, akaivuta lastiki nje. Akaitazama. Aliijua, maana kila kilichokuwa kwenye boksi lile alikiweka kwa mkono wake. Hakumtazama Sindano.

"Nimekosea," mama aliwaambia wateja. "Ni uchovu. Nitazifumua zote tisa leo hii na kuzitia lastiki upya, mbele yako."

Nguo tisa! Na kwenye kamba zilikuwa zinangoja nyingine ishirini na kitu. Sindano aliitazama miguu ya mama iliyovimba, akahisi haya kuliko alivyowahi kuhisi maishani.

"Si mama," alisema. "Ni mimi. Mama alinipa lastiki mpya. Nilitia mbovu kwa makusudi, ili Mgeni asinishinde."

Mgeni alimgeukia polepole, kisha akageuza uso ukutani. Mama Tisa aliivuta tena lastiki ya nguo aliyoishika. Ikarudi kwa mpigo, pa! Akavuta nyingine, nayo ikarudi.

"Basi nimekuja juu bure," alisema. "Niwie radhi, fundi. Nguo zako nzima." Alizikusanya kifuani, na mlangoni akamgeukia Sindano. "Na wewe mtoto, mwili mdogo, mambo makubwa!"

Wateja walipokwisha kuondoka, mama alifunga mlango na kukaa.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Nilimwonea wivu," Sindano alijibu, machozi yakimtiririka. "Yeye anakimbia, mimi nashona. Yeye anapewa pole. Mwalimu anamsifu yeye tu. Na mchujo nilikuwa nautaka mwaka mzima."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umechoka."

Mama alishika kichwa. Lakini aliyezungumza ni Mgeni, bado anatazama ukuta. "Nami nakuonea wivu wewe. Mama yako yupo. Mnakaa pamoja, mnashona, mnacheka na wateja, anakuita mikono yake. Mimi naambiwa nipumzike, utadhani nimelazwa hospitali. Nakwenda uwanjani kwa sababu hapa sina kazi. Lakini mimi sikukufanyia ubaya, Sindano. Watu wamenicheka."

Sindano alimsogelea. Alimwomba radhi, na Mgeni hakuitika palepale. Ilimchukua mpaka baada ya chakula cha mchana.

Jioni hiyo mama alimtuma Sindano peke yake kwa mwalimu wa michezo. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akalifuta jina lake kwenye karatasi.

"Ningekutoa kabisa kwenye timu," alisema. "Ila umekuja kusema mwenyewe. Mchujo utarudiwa Jumatano, na mbele ya wenzako utamwomba dada yako radhi."

Nyumbani nako mambo yalibadilika. Mama alichukua chaki, akachora ratiba kwenye mlango wa kabati. Alfajiri, mazoezi nusu saa, wote wawili. Asubuhi hadi mchana, kazi, wote wawili. Jioni, nusu saa nyingine, hata kama mlangoni wamepanga foleni. Mgeni alikabidhiwa vifungo, na shati la kwanza alilolishughulikia lilitoka na vifungo vitano na matundu sita. Mama alicheka hadi akaweka mkasi chini.

Jumatano Sindano aliomba radhi mbele ya timu nzima. Kisha wakakimbia. Siku nne za mazoezi si wiki tatu, na Mgeni alishinda kwa hatua tano. Jina lake likaandikwa. Sindano, aliyefika wa pili, akawekwa kuwa wa akiba.

Mama alikuwa amefunga kazi kwa saa moja kuja kutazama, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Sindano alimwendea, akaegemea ubavuni mwake.

"Unaumia?" mama aliuliza.

"Sana. Nilidhani nikisema ukweli, wivu utaniisha. Haujaisha."

"Hautaisha leo, mwanangu. Hata mimi humwonea wivu fundi mwenye cherehani ya umeme. Kuona wivu si kosa lako. Kosa lilikuwa kuuficha mpaka ukakutuma kumwumiza mwenzio. Nami nina kosa langu: sikukuuliza, nikakutwisha msimu mzima mabegani. Kuanzia leo, roho ikikuuma, njoo useme. Nikiwa nashona, nitasimamisha cherehani nikusikilize. Kisha turudi kazini, nawe urudi mazoezini, maana nafasi ya mwaka ujao hailetwi na kinyongo."

Sindano alifuta uso, akavuka uwanja hadi alipokuwa Mgeni, aliyeinama ameshika magoti.

"Umekimbia vizuri," alimwambia. "Na inaniuma."

"Najua," Mgeni alisema, akihema. "Nilisikia miguu yako nyuma yangu mpaka mwisho. Niliogopa kweli. Kesho alfajiri usiniache, uniamshe."